Misheni

Misheni ni nomino ya Kiswahili iliyotoholewa kutoka neno la Kiingereza *mission*, ambalo lina asili ya Kilatini na maana ya msingi ya kutuma. Kwa Kiingereza neno hilo hutaja kazi ya wamisionari, kituo chao, ujumbe wa kibalozi, operesheni ya kijeshi na lengo kuu la taasisi. Kiswahili hakikuzipokea maana hizo zote kwa uzito sawa. Hiyo ya mwisho, ofisi za Tanzania huiita dhima au dhamira.

Katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, misheni kwanza ni mahali: kanisa, shule, zahanati na nyumba za watumishi katika eneo moja. Mfano ni Pomerini, kituo cha Kilutheri ambacho jina lake linatokana na Pommern, jimbo la zamani la Ujerumani. Tosamaganga, katika wilaya jirani ya Iringa, ni misheni ya Kikatoliki.

Maana ya mitaani ni shughuli ya kujipatia kipato, pengine kwa ujanja. Anayeishi hivyo huitwa mishentauni. Umbo fupi *mishe*, na uradidi wake *mishemishe*, hutaja hekaheka za kutafuta riziki na halina maana ya kidini.