Nyumba za Mawe za Lamu

Katika Lamu ya karne ya 18, mpango wa nyumba ya mawe ulianzia kwenye boriti. Boriti za mikoko zilibeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana usiozidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Mwenye nyumba na fundi walibaki kuamua misana mingapi, yaani vyumba hivyo virefu, ifuatane kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani. Kuta za matumbawe zikiisha, ilifuata kazi nzuri kuliko zote: zidaka, safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa lipu ya chokaa. Binti akiolewa, ghorofa ya makazi yake iliongezwa juu, au wikio, yaani chumba kilichojengwa kama daraja, likavushwa juu ya kichochoro.