Peni Tatu za Rochdale

Katika mikutano ya mwaka huu wa kumi wa Chama Kikuu chetu, wanachama wengi wameuliza kwa nini faida ya hisa zao isitolewe yote mkononi baada ya mavuno. Swali hilo ni la haki, wala si geni. Liliwakabili pia watu wa Rochdale, mji wa viwanda vya nguo kaskazini ya Uingereza, katika karne ya 19.

Mwaka 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji wa mshahara mdogo, waliazimu kufungua duka lao wenyewe. Walichanga peni 2 kwa juma, halafu 3, na wakusanyaji wakapita nyumba kwa nyumba. Zilipopatikana paundi 28 walipanga chumba katika njia iitwayo Toad Lane, na jioni ya tarehe 21 Desemba wakafungua milango. Palikuwa na unga, siagi na sukari, vyote haba mno, hata vijana wa mji wakaja kuwacheka.

Hisa zililipwa faida, ambayo baadaye ilikuwa asilimia 5 kwa mwaka. Aliyeiacha faida yake aliongezewa katika hisa, na mwaka uliofuata faida ilihesabiwa juu ya jumla hiyo. Hapo ndipo penye siri yote, nami naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Tuseme mtu aliweka peni 3 kila juma, yaani shilingi 13 kwa mwaka, na faida ya asilimia 5 ikaongezwa kila mwisho wa mwaka. Baada ya miaka 10 ametoa shilingi 130, naye ana 163. Asiye na subira atasema, "Shilingi 33 tu kwa miaka kumi!" Ni kweli, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini akiendelea, katika mwaka wa 20 ametoa 260, naye ana karibu 430. Katika mwaka wa 30 ametoa 390, naye ana karibu 864. Jirani yake aliyeweka sawasawa naye, lakini akaila faida kila mwaka, amebaki na 390 zake tu, na jumla ya alizokula ni kama 283.

Nisimdanganye mtu. Mwaka 1860 chama kile kilikuwa na wanachama 3,450 na fedha paundi 37,710, wala hiyo haikuwa kazi ya faida ya hisa peke yake. Wanachama wapya walileta fedha zao, na bonasi ya ununuzi iliachwa dukani vilevile. Hata hivyo, ukigawa sawa, fungu la kila mwanachama lilitoka paundi 1 mwaka 1844, likawa karibu 4 mwaka 1850, na karibu 11 mwaka 1860.

Tena hesabu si kitu pasipo uaminifu. Mwaka 1849 benki ya akiba ya mji huohuo ilianguka, ilipogunduliwa kwamba mwenye kutunza hesabu zake, aliyekuwa amekwisha kufa, alikuwa akiiba amana za watu. Chama cha Toad Lane kilikuwa na wanachama 140 mwaka 1848. Mwaka 1849 walifika 390. Hesabu zake zilisomwa mbele ya wanachama kila robo ya mwaka.