Njeo, Matuta na Siku ya Mwisho: Mjadala wa Wakati Katika Ukambani

Uhusiano baina ya sayansi, falsafa na theolojia ya Kikristo kwa kawaida huelezwa kwa mifano ya Ulaya: Galileo mbele ya mahakama ya Kanisa mwaka 1633, au mabishano yaliyofuata kitabu cha Darwin cha mwaka 1859. Mazoea hayo humfanya msomaji wa Afrika Mashariki aione mada yenyewe kuwa ugomvi wa watu wengine. Hata hivyo, Ukambani, katika vilima vya Machakos na nyanda za Kitui, taaluma hizo tatu zilikutana juu ya swali lililotokana na sarufi ya Kikamba: je, lugha isiyo na njeo ya wakati ujao wa mbali yaweza kubeba habari ya siku ya mwisho? Makala haya yanadai kwamba kila taaluma ilikuwa na neno la haki la kusema, na kwamba upotovu uliingia pale moja ilipoachiwa kujibu kwa niaba ya nyingine.

Chanzo cha swali hilo ni cha kihistoria. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika Mombasa mwaka 1895 na kuweka kituo cha kwanza Nzaui, kusini mwa Machakos. Alifariki Desemba 1896, lakini misheni iliendelea, na kutokana nayo likazaliwa Kanisa la Africa Inland. Mahubiri yake yalitilia mkazo kurudi kwa Kristo, hukumu, moto wa Jehanamu na mji wa mbinguni. Wahubiri walichukulia kwamba maneno yakishafasiriwa, maana nayo imefika.

Aliyelitilia shaka jambo hilo kwa utafiti ni John Samuel Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, aliyesoma Makerere na kisha Cambridge, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1963. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 1971 kwa jina New Testament Eschatology in an African Background, ulilinganisha mafundisho ya Agano Jipya na namna waumini wa Ukambani walivyoyapokea. Alionyesha kwamba taswira za moto, mji na hazina zilieleweka kama vitu vya kushikika, na kwamba ujio wa Kristo ulitarajiwa karibu mno, kana kwamba hauna budi kutokea katika maisha ya msikilizaji.

Sababu aliitafuta katika lugha. Katika African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969, Mbiti alichanganua njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, akaona kwamba zinazoelekea mbele hazivuki miezi michache, au miaka miwili kwa upeo wake. Zinazoelekea nyuma hufika hadi tene, kale isiyo na mpaka. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba kwa Mwafrika wakati una pande mbili, uliopita na uliopo, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo, kwa kuwa matukio yake hayajatukia.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, istilahi alizozichagua zina uzito wa pekee. Mbiti alitwaa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayapa kazi ambayo hayana katika usemi wa kila siku. Sasa ikawa wakati mdogo unaomzunguka mtu anayeishi. Zamani ikawa bahari ya wakati inayopokea kila kilichotukia. Lakini neno zamani lina asili ya Kiarabu, na huko humaanisha wakati kwa jumla. Zaidi ya hayo, lugha iliyomwazima maneno hayo ina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Ina mustakabali, ina akhera, ina kiyama. Falsafa iliyodai kutokuwepo kwa wakati ujao wa mbali ilielezwa kwa istilahi za lugha yenye hazina tele ya maneno ya wakati huo.

Hapa ndipo kosa la kimantiki linapojitokeza. Kuorodhesha njeo ni kazi ya sayansi ya isimu, na orodha yaweza kuhakikiwa kwa wazungumzaji. Kusema wakati ni nini ni kazi ya falsafa. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili panahitajika daraja, nalo halikujengwa. Tatizo hili halikuwa la Afrika peke yake. Mwaka 1946 Oscar Cullmann alijenga theolojia nzima juu ya maneno ya Biblia yanayohusu wakati. Mwaka 1962 James Barr akamjibu kwamba msamiati wa lugha si picha ya fikra za watu wake. Jibu hilo lingeweza kutolewa kuhusu Kikamba pia.

Wahakiki wa Kiafrika walikuja kwa njia nyingine. Okot p'Bitek, mwaka 1970, aliwashutumu wanatheolojia wa kizazi hicho kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani. Byang Kato alihofu, mwaka 1975, kwamba theolojia ya Mbiti ingelegeza mamlaka ya Maandiko. Kwame Gyekye, mwaka 1987, alitumia Kiakan kupinga madai kwamba Waafrika wote hawana dhana ya wakati ujao wa mbali. Mmoja alitetea dini za jadi, wa pili imani, wa tatu hoja. Lakini ardhi ya Ukambani yenyewe haikuulizwa.

Ushahidi wa ardhi hiyo ulitoka katika taaluma isiyokuwa na habari na mjadala huu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitaja Machakos kuwa nchi inayoangamia kwa mmomonyoko wa udongo, wakaamuru ng'ombe wapunguzwe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha More People, Less Erosion, wakionyesha kwamba tangu miaka hiyo idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua. Serikali ilikuwa imeshurutisha ujenzi wa matuta kabla ya uhuru, lakini wakulima waliuendeleza kwa hiari, mara nyingi kwa vikundi vya mwethya, wakieneza matuta ya fanya juu. Tuta la namna hiyo huchukua miaka kabla ya kusawazika, na faida yake huwafikia watoto. Mtu asiye na kesho ya mbali halijengi.

Je, jembe limemshinda mwanafalsafa? La hasha. Mbiti mwenyewe alikubali kwamba mambo yanayofuata mzunguko wa maumbile huhesabiwa kabla hayajatokea. Isitoshe, tuta si ufufuo: kupanga shamba la mjukuu na kungoja mwisho wa historia ni mambo mawili. Sayansi ya udongo yaweza kuonyesha kwamba watu hujiandalia miaka ijayo. Haiwezi kusema wanamngoja nani. Kilichoanguka ni dai la kifalsafa kuhusu Mwafrika kwa jumla. Kilichobaki imara ni swali la kitheolojia, na la kifasihi pia: msikilizaji husikia nini anaposomewa taswira zilizozaliwa katika lugha nyingine?

Swali hilo Mbiti hakuliacha. Katika miaka yake ya uzeeni, kabla ya kufariki Uswisi mwaka 2019, alilifasiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki. Kazi hiyo ilimlazimu kufika hata kitabu cha Ufunuo na kuyapatia mambo ya mwisho vitenzi vya Kikamba, sentensi kwa sentensi. Mwanafalsafa aliyeandika kwamba karibu hakuna wakati ujao wa mbali katika lugha ya mama yake alifanya kazi ya mfasiri, na mfasiri hana budi kuamini kwamba lugha hiyo yaweza kuusema.