Sabuni ya kunukia ilikuwa ya wenye pesa

Wasee, ukiona dada mtaani anachanganya kostiki soda, mafuta ya nazi, rangi na manukato jikoni kwake, usidhani ni mchezo. Uingereza ilianza kutoza sabuni ushuru 1712. Usiku maafisa walikuwa wanafunga masufuria ya watengenezaji kwa kufuli, wasipike kisiri. Andrew Pears alipoanza kuuza sabuni yake ya kunukia London 1807, wateja wake walikuwa matajiri. Maskini hata ya kufulia ilimlemea bei. Ushuru ulifutwa 1853, wakati Gladstone alikuwa waziri wa fedha. Miaka 141! Tuambiane ukweli: ukitoza usafi kodi, anayebaki mchafu ni maskini. Wanaotupangia kodi hapa Kenya wamkumbuke huyo dada.