Grogan, Zinakofufuliwa Injini za Tabo

Kabla ya kuulizana bei ya pistoni, tuanze na mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Injini ya kawaida huisikia tofauti hiyo kila inapopanda Limuru. Yenye tabo hujitafutia hewa yake: moshi unaotoka silindani huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na mapanga ya upande wa pili wa mhimili uleule husukuma hewa ndani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, akathibitisha kwamba tabo huirudishia injini nguvu zilizomezwa na mlima. Sisi wa nyanda za juu tuna kila sababu ya kuipenda.

Mapenzi yenyewe yaliletwa na Safari Rally. Mashindano yalianza 1953, lakini kwa ufundi wetu mwaka mkubwa ni 1984, Björn Waldegård aliposhinda kwa Toyota Celica yenye tabo. Celica ikashinda tena 1985 na 1986. Halafu 1990 Mkenya Patrick Njiru akamaliza wa nane kwa Subaru Legacy RS ya kundi N, yaani magari yasiyobadilishwa sana kutoka yale ya dukani. Hakuna gari la kundi hilo lililokuwa limewahi kumaliza Safari. Kwangu mimi nafasi hiyo ya nane ilifanya kazi kubwa kuliko ushindi mwingi wa timu za ng'ambo. Kijana wa Nyeri aliona gari ambalo siku moja angeweza kulinunua, likiwa limeshatumika Japani.

Magari hayo yakaja kweli, masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa miaka ya 1990, na yalipochoka yakaletwa Grogan, barabara yetu ya mafundi hapa Nairobi. Ramani inasema Kirinyaga Road. Sisi bado tunaiita kwa jina la zamani, la mlowezi Ewart Grogan. Ufundi uliyangoja pale. Reli ilifika Nairobi 1899, na karakana zake zilifunza vizazi vya wachonga vyuma. Mzee aliyenifunza kuchonga kranki alistaafia huko, baada ya miaka mingi ya kutengeneza vichwa vya treni.

"Binti yangu, jicho linadanganya," alikuwa akiniambia, akininyooshea maikromita. "Pima."

Injini niliyoifungua mara nyingi kuliko zote ni EJ20 ya Subaru, iliyokuja na Legacy ya 1989: silinda nne zilizolala, mbili kushoto, mbili kulia, kipenyo milimita 92, mwendo wa pistoni milimita 75. Shida yake kubwa ni oili. Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili tu. Servisi ikicheleweshwa, beringi za koni rodi huliwa, injini ikaanza kugonga, na unga wa chuma ukasambaa hadi kwenye pampu na ndani ya tabo.

Mteja wa Grogan huja na pesa za chama, si za injini mpya, kwa hiyo kila shilingi lazima ijue zamu yake. Kipoza oili hakisafishiki kikamilifu. Mimi hukitupa, hata mwenyewe akinung'unika, kwa sababu chembe chache zilizojificha mle zitaua beringi mpya. Zinafuata beringi, pampu ya oili, bomba la kupeleka oili kwenye tabo, gasketi za hedi na mkanda wa taiming, vyote vipya. Kranki iliyokwaruzwa huchongwa, kipenyo kikapungua kwa robo milimita, ikavalishwa beringi nene zaidi. Akiba tunaitafuta kwingine: pistoni kuukuu zikipita kipimo hurudi na ringi mpya, hedi husawazishwa, na tabo hufunguliwa ikatiwa beringi badala ya kununuliwa nzima. Nafasi ya oili kwenye koni rodi tunaipima kwa uzi laini wa plastiki. Unaulaza juu ya kranki, unakaza bolti kwa kipimo, unafungua, unasoma umebonyea upana gani. Uzi huo ni wa bei ndogo sana, na sifungi injini bila huo.

Vijana huniomba niongeze presha ya tabo papo hapo. Nakataa. Pistoni za kiwandani za EJ20 hupasuka kwenye mifereji ya ringi petroli inaposhindwa kuhimili presha, na pesa yote ya chama imekwenda.

Subaru iliiaga EJ20 kwa toleo la mwisho la WRX STI, magari 555 tu, lililotangazwa 2019. Safari nayo ikarejea kwenye ubingwa wa dunia 2021, na wateja wa tabo wakaongezeka huku injini za kutoka Japani zikiadimika. Bloku ambazo zamani zilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu sasa naziweka chini ya meza. Nazipima upya moja moja, na ile ambayo silinda zake zinaweza kutanuliwa naitafutia pistoni za milimita 92.5.