Gharama za umiliki wa mifumo ya kompyuta katika ofisi za umma

Gharama za umiliki ni jumla ya fedha ambazo taasisi hutumia kwa mfumo wa kompyuta tangu unaponunuliwa hadi unapoondolewa: bei, leseni, mafunzo, vipuri, umeme na mishahara ya wanaoutunza. Hupimwa sambamba na uthabiti, yaani muda ambao mfumo hufanya kazi bila kugoma. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99 ya muda husimama takriban saa 88 kwa mwaka. Ukifikia asilimia 99.9, husimama saa 9 hivi. Kwa mhasibu wa halmashauri anayefunga hesabu Juni 30, hiyo ni tofauti kubwa mno.

Serikali ya Tanzania ilianza kutumia kompyuta Wizara ya Fedha mwaka 1965. Uendeshaji wa kompyuta hizo ulileta gharama na matatizo yaliyochangia marufuku ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta nchini.

Leo, marufuku hiyo ikiwa historia, ulinganisho ulio hai zaidi ni kati ya mifumo ya kununua na ile ya kutengenezwa nchini, na kitovu chake ni Dodoma, ambako wizara zilianza kuhamia mwaka 2016. Kwa miaka mingi malipo ya serikali yalipitia Epicor, programu ya kampuni ya nje. Nafasi yake ikachukuliwa na MUSE, uliojengwa na wataalamu wa Kitanzania. Katika ununuzi wa umma, mfumo wa NeST, nao wa Kitanzania, ulichukua nafasi ya ule wa TANePS mwaka 2023. Faida kubwa ya mfumo wa nyumbani haiko katika leseni peke yake. Sheria au kanuni ikibadilika, anayerekebisha msimbo yuko Mtumba, mji wa serikali Dodoma, wala hapana haja ya kusubiri mkataba mpya na mzabuni wa mbali. Hata hivyo hasara yake hutajwa kwa nadra: mtayarishaji programu akihama bila kuacha nyaraka, mrithi wake hutumia miezi akijifunza kazi iliyokwisha kufanywa. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango vya utengenezaji wa mifumo hiyo.

Kwenye kompyuta za mezani, Linux haina ada ya leseni, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Windows bado inatawala kwa sababu watumishi wameizoea na mafundi wake ni wengi. Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, mashine nyingi za zamani zilibaki bila uwezo rasmi wa kupokea Windows 11, ingawa bado zinafanya kazi vizuri.

Mfumo wowote utakaochaguliwa, nyanda za kati zina madai yake. Kiangazi cha Dodoma huanza Mei na kuendelea hadi Novemba. Vumbi jekundu hujaa kwenye feni, prosesa hupata joto, na mashine hupunguza kasi au hujizima. Kupuliza vumbi mara kwa mara ni nafuu kuliko kununua bodi mama. Betri ya UPS nayo huchakaa baada ya miaka michache, na umeme ukikatika seva huzimika ghafla, hali inayoweza kuharibu taarifa. Fedha za betri hizo zinapaswa kuingizwa katika bajeti ya mfumo tangu mwaka wa kwanza.