Siku Tatu za Muhogo

Wazee wetu husema jina la Sumbawanga limetokana na maneno ya Kifipa, sumba wanga, yaani tupa uchawi. Shuleni mwalimu alipotufundisha kuwa muhogo ni chakula cha wanga, darasa zima tuliangua kicheko: basi muhogo nao tuutupe! Siku hizi utani ule haunichekeshi sana.

Sisi wa huku juu Ufipa ni watu wa mahindi na maharage. Muhogo niliujua likizoni, nikiteremka kupitia Matai mpaka Kasanga, ziwani, kwa bibi mzaa mama. Bibi aliloweka muhogo mchungu siku tatu. Siku ya pili tumbo likiuma tunamlilia, "Bibi, si umeshalainika? Tupikie bwana!" Anajibu, "Subirini, wajukuu zangu." Tukamwona mkaidi.

Miaka ikapita, ndo nikasoma habari za konzo. Mtu hulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa. Haiponi tena. Jina ni la Kiyaka, lugha ya kusini-magharibi mwa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Vijijini wengi walisema ni kurogwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ulipiga Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000. Mwaka 1985 ukazuka hapa kwetu, Tarime, na Dk. William Howlett na wenzake wakauchunguza. Wakakuta ukame umeleta njaa, na njaa imewafanya watu wafupishe kazi ya kuutayarisha muhogo.

Mkongo mmoja, Désiré Tshala-Katumbay, amefanya konzo kuwa kazi ya maisha yake. Alisomea udaktari Kinshasa, akaendelea Sweden, kisha akawa mtafiti wa ubongo katika chuo kikuu cha afya na sayansi cha Oregon, Marekani. Swali lake ni hili: sumu inaharibu vipi neva zinazoendesha miguu? Muhogo mchungu hutoa sayanidi. Mwili huipunguza makali kwa salfa itokayo kwenye vyakula vya protini, kama samaki na maharage. Asiyevipata hubaki na sumu, na sehemu yake hugeuka sayaneti, ambayo hunata kwenye protini za mwili na kuziharibu. Mwaka 2013 yeye na wenzake walionyesha kuwa hata akili za watoto wa Kahemba, Kongo, ziliathirika.

Hatua zote hazijafahamika hadi leo, lakini kinga inajulikana: loweka vya kutosha, kausha vya kutosha, kula na protini. Hata unga ukishasagwa waweza kuloweshwa na kutandazwa kivulini saa tano, sumu ikapungua.

Yaani sayansi imezunguka mpaka Oregon, ikarudi kwenye beseni la bibi!

Lakini tusiwalaumu akina mama wa Tarime. Hawakukosa ujuzi, walikosa chakula cha kungojea nacho. Bibi yangu aliweza kutukatalia kwa sababu dagaa walikuwepo jikoni. Je, wasingekuwepo, na sisi tunalia vile, angefika siku ya tatu?

Nawaomba vijana wenzangu tunaoshika kalamu: nendeni mkawaulize bibi zenu wanaloweka siku ngapi, na kwa nini. Andikeni. Mimi wa kwangu sikumwuliza, na sasa hayupo.